Kupunguzwa kazi: kokotoa stahiki zako kabla ya kusaini

Katika kuwasindikiza wafanyakazi wa viwanda vya korosho na walinzi wa hapa Mtwara mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kusaini kwamba "amelipwa stahiki zote" kabla hajazihesabu. Fuata hatua hizi ukiwa na mkataba na hati za mshahara mkononi.

Hatua ya 1. Soma sababu iliyoandikwa kwenye barua. Mkataba wa msimu uliofika ukomo hauna kiinua mgongo. Kama ni kupunguzwa kazi, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema na kushauriana nanyi kuhusu sababu, njia za kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na malipo. Andika tarehe za vikao hivyo. Kama havikufanyika, andika hivyo pia.

Hatua ya 2. Kokotoa kiinua mgongo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo usiharakishe. Sheria inatoa kiwango cha chini cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi. Tuseme opereta wa kiwanda analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki, na ametumikia miaka 13 na miezi 8. Gawanya mshahara kwa 26, ambayo ni wiki 4.333 za mwezi mara siku 6, upate shilingi 20,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 7, kisha kwa miaka 10, upate shilingi 1,400,000. Miaka mitatu inayozidi kumi haihesabiwi, jambo linalowauma wengi, lakini mkataba wenu au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kutoa zaidi, na ndiyo maana nasisitiza uyasome. Anayekataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyopewa na mwajiri huyohuyo hupoteza haki hii.

Hatua ya 3. Ongeza yaliyobaki: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au fedha badala yake. Michango yako ya NSSF ni haki nyingine kabisa, isikubaliwe kuwa mbadala wa kiinua mgongo.

Hatua ya 4. Kama uliajiriwa Songea ukaletwa kufanya kazi Mtwara, dai usafiri wako na wa mizigo hadi Songea. Safari ikicheleweshwa, dai pia fedha za kujikimu kwa siku unazosubiri. Dai na cheti cha utumishi.

Hatua ya 5. Usipokubaliana na uhalali wa kuachishwa, jaza fomu Na. 1 ya Tume ndani ya siku 30. Madai mengine yana siku 60. Ahadi ya mdomo ya "njoo mwisho wa mwezi" haisimamishi siku hizo. Mpelekee mwajiri nakala, naye aigongee muhuri wa kupokea, kisha ubaki na ushahidi huo unapowasilisha fomu Tume.