Mtu wa reli unaandikaje habari za kazi yako watu wakasoma? Hatua ninazofuata nikiwa Mtwara

Mimi ni mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, idara ya njia, yaani wale wa genge wanaotembea na nyundo na spana. Saa hizi niko nyumbani Mikindani na jioni naandika habari za reli kwenye simu nazirusha WhatsApp na Facebook, zinasomwa hapa mjini, Masasi, Nachingwea, na kwa watoto wetu walioko Dar. Wenzangu wa reli, wastaafu na vijana walioko kazini, wananiuliza sana inbox naanzaje maana wao wakiandika hakuna anayesoma, basi nimeona niweke hatua zote hapa mara moja, atakayezitaka achukue.

Hatua ya 1: Jua unamwandikia nani

Hii ndiyo watu wa reli wengi wanairuka. Unaandika kama unajaza kitabu cha zamu: treni namba fulani imeingia saa fulani, njia iko salama, tumekabidhi. Sasa mama anayebangua korosho pale Chuno atafanya nini na hiyo habari?

Kusini kuna wasomaji wa aina mbili na lazima uwashike wote wawili. Wa kwanza ni wale ambao treni wameiona kwenye TV tu au siku walipofika Dar, kwa sababu huku kwetu treni haipo. Wa pili ni wazee, na familia zao, wanaojua kwamba treni huku ILIKUWEPO. Kama wewe ni kijana na hilo hulijui basi simama kidogo hapa: Waingereza walipoleta ule mpango wao wa karanga baada ya vita, 1947, walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea wakajenga reli kutokea Mkwaya kwenye maji ya Lindi, baadaye ikaunganishwa na Mtwara ambako walikuwa wanajenga bandari mpya yenye kina. Karanga zikagoma. Januari 1951 mpango ukaachwa, bandari ikafunguliwa 1954, reli ikabaki inatafuta mzigo wa kubeba na mzigo hautoshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kwa hiyo ukiandika neno reli Mtwara, kuna mtu anasoma kwa ushamba mzuri wa kutaka kujua na kuna mtu anasoma huku anamkumbuka baba yake. Mimi kabla sijaandika chochote najiuliza, hii yule mama wa korosho ataielewa? Na yule mjukuu wa mtu wa Nachingwea ataona pa kuingilia? Kama jibu ni hapana kwa wote wawili, naiacha.

Hatua ya 2: Chukua kitu kimoja kidogo, usibebe kazi nzima

Usiandike "maisha yangu relini". Hiyo ni mizigo ya behewa zima na utachoka kabla hujafika popote. Chukua boliti moja. Chukua taruma moja, lile gogo au zege linalolala chini ya reli. Chukua usiku mmoja wa mvua stesheni ya Mlimba.

Ngoja niwaonyeshe kwa mfano, hii nimeshairusha na iliwahi kuleta maswali mpaka usiku wa manane:

*"Kati ya kipande cha reli na kipande kingine tunaacha uwazi mdogo, kidole hakipiti. Hatujakosea. Chuma kikipigwa na jua kinarefuka. Lile bati la nyumba yako linavyolia ta, ta, saa saba mchana, reli nayo inatanuka hivyo hivyo ila kimyakimya. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya asubuhi inarefuka kama milimita 4. Unaona ni kidogo, sasa zipange reli hizo mpaka Zambia. Usipoziachia nafasi zinasukumana, na zikikosa pa kwenda zinapinda pembeni kama nyoka na treni iko njiani inakuja. Ule mlio wa ta-ta, ta-ta ukiwa umelala behewani ni magurudumu yanavuka hapo kwenye uwazi."*

Angalia nilichofanya. Kuna kitu kimoja tu, uwazi. Kuna namba moja ambayo mtu anaweza kuishika. Na mwisho nimemrudisha kwenye kitu alichowahi kusikia mwenyewe kama amewahi kupanda treni, na kama hajapanda basi siku akipanda ataukumbuka. Kuna kijana akaniuliza mbona SGR ya Dar mpaka Dodoma hailii hivyo, swali zuri sana, nikamjibu kule reli zimechomelewa zikawa ndefu mno, viungo vya boliti karibu hamna, na joto wanalidhibiti kwa namna ya kuzifunga kwenye mataruma ya zege na kokoto nyingi pembeni. Hilo jibu likawa habari ya siku iliyofuata. Unaona? Habari ya pili nimeandikiwa na msomaji.

Kama umekosa cha kuandika fikiria mikono yako ilikuwa inafanya nini. Mtu wa genge anagonga boliti kwa nyundo anasikiliza, iliyokaza inalia kwa ukali na iliyolegea inatoa mlio mzito uliokufa, masikio yanakuambia kabla ya macho. Hicho hakipo kwenye ripoti yoyote, na ndicho watu wanachotaka.

Hatua ya 3: Maneno ya kazini yaache yalivyo

Mataruma, kokoto, genge, kiberenge, gadi, stesheni masta, yote yaandike tu. Usianze na kamusi juu kabisa, watu watadhani ni mtihani. Liweke neno kwenye kazi: "tukapanda kiberenge, kile kigari kidogo cha wakaguzi kinachopita juu ya reli, tukakimbizana na giza". Limeisha hilo, songa mbele.

Hatua ya 4: Yale ambayo hayaandikwi

Hapa nawaongelea zaidi vijana walioko kazini. Ajali au treni kuacha njia, hata kama umeiona kwa macho yako na una picha, kaa kimya mpaka shirika lako liseme. Kwanza kuna familia hazijapewa taarifa. Pili hujui chanzo, unadhani unajua. Tatu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na taarifa isiyo ya kweli ina kesi yake, na ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo jina na sura ya mwenzako usiirushe bila ruhusa yake. Mizigo inayosafirishwa, ratiba za treni za mizigo, walinzi wanakaa wapi, hayo ni ya ofisini yabaki ofisini.

Na picha. Jamani picha. Usisimame katikati ya reli eti upate ile selfi ya njia mbili zinakutana mbali, treni ya mizigo iliyoshiba inaweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi mpaka isimame, dereva akikuona anachoweza ni kupiga honi na kuomba Mungu. Nikiona mtu wa reli karusha picha ya hivyo huwa sikomenti, nampigia simu kabisa.

Hatua ya 5: Kurusha

Andika kwanza kwenye noti za simu bila intaneti, ukishamaliza isome kwa sauti, pale unapokata pumzi ndipo pa kukata sentensi (sio kila mara, mimi mwenyewe zangu ni ndefu na watu wamenizoea). Picha punguza ukubwa, bando la watu sio lako. Rusha baada ya isha watu wameshakula. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, watu wako shambani na kwenye minada, andika fupi tu.

Wazee wengi hawasomi simu, macho hayawaruhusu. Kwa hao narekodi sauti, dakika mbili tatu, namwambia mjukuu amchezee babu. Hii usiidharau, maana habari zangu nzuri zote za reli ya zamani zimepitia hapo.

Hatua ya 6: Kujibu wasomaji, hapa ndipo kazi ilipo

Kuandika ni robo ya kazi. Akikuandikia mtu, mjibu kwa heshima yake. Kijana akisema "shikamoo babu, babu yangu mzaa mama alifanya kazi treni ya Nachingwea", usimjibu kwa dole gumba. Mimi namwambia "marahaba mjukuu wangu, yupo hai?" Hilo ndilo swali la kwanza. Kama yupo, tunapanga kumpigia kesho asubuhi akiwa ameshakunywa chai, mzee aliyechoka jioni hakupi kitu.

Sasa kumuuliza mzee kuna namna yake. Usianze na mwaka. Ukimuuliza "ilikuwa mwaka gani mzee?" anaanza kuhangaika na tarehe na habari inakufa. Muulize mikono: ulikuwa unabeba nini? Mlikuwa wangapi kwenye genge? Nyapara alikuwa wa kabila gani, na alikuwa anawaitaje asubuhi? Mlikula nini? (Jibu la hili huku kwetu mara nyingi ni ming'oko, na hapo mzee anacheka na kila kitu kinafunguka.) Mwaka utautafuta wewe baadaye kwa kuuliza pembeni: Uhuru ulikukuta uko kazini au umesharudi nyumbani? Mtoto wako wa kwanza alikuwa ameshazaliwa? Uhuru ni 1961, huo ni msumari, ukishaupigilia unaweza kupima mengine yote mbele na nyuma yake.

Na kupima ni lazima. Akitokea mtu akasema alipanda treni kutoka Mtwara mwaka 1970, hiyo haiwezekani, vyuma vilikuwa vimeshaondolewa. Usimwaibishe mbele ya watu. Mfuate pembeni, muulize treni hiyo aliishukia wapi. Mara nyingi unakuta alipanda kweli, ila ilikuwa Dar kwenda Morogoro kwa reli ya kati, zimechanganyikana tu kichwani, na kumbukumbu yake ya ndani ya behewa ni ya kweli na unaweza kuitumia pale inapostahili.

Kama mzee ana nguvu, nenda naye akuonyeshe tuta. Reli wameondoa ila udongo ulioinuliwa hauendi popote kirahisi, na jicho la mtu wa njia linaujua: njia ya mguu iliyonyooka kupita kiasi, haipandi ghafla, haikati kona kali, kwa sababu treni haiwezi hivyo vitu. Mtu wa kawaida akikata njia porini anazunguka mti, wa reli anaukata mti. Ukiona mstari wa namna hiyo unapita kwenye mikorosho, muulize mwenye shamba. Piga picha na mzee akiwa pembeni kama amekubali, na kabla hujairusha mpelekee yeye na familia yake kwanza waione na wasikilize ulichoandika. Wakisema toa hili, toa. Mimi sibishani hapo.

Hatua ya 7: Maswali yanayojirudia yawekee jibu tayari

Yako mawili yasiyokauka. La kwanza, kwa nini treni ya TAZARA isiingie tu reli ya kati? Jibu: upana. Reli ya kati ni milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ya TAZARA ni 1,067 kwa sababu ilijengwa ilingane na za Zambia na kusini huko, na SGR ni 1,435. Milimita 67 ni upana wa vidole vitatu vinne tu lakini gurudumu halina mjadala. Ndiyo maana Kidatu, zinapokutana hizo mbili, mzigo unahamishwa kutoka behewa moja kwenda jingine.

La pili ni reli ya Mtwara kwenda Mbamba Bay, inaanza lini? Hapo jibu langu ni hili hili kila siku: mpango upo, wa kutoka bandari yetu mpaka Ziwa Nyasa na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa na chuma, na tarehe itasemwa na wenye mamlaka ya kuisema. Siongezi neno. Ukiwa mtu wa reli watu wanadhani una siri, ukitoa tarehe ya kubahatisha leo, kesho iko kwenye magrupu yote ya Lindi na Mtwara na jina lako juu yake.

Hatua ya 8: Hifadhi

Simu inaanguka baharini, simu inaibiwa stendi. Kila sauti ya mzee unayoirekodi ipe jina palepale, sehemu na tarehe, mfano *nachingwea-genge-kokoto* halafu siku yenyewe, usiache ile namba ndefu inayojiandika. Nakala moja weka kwenye memori kadi, nyingine mtumie mtoto aliyeko mbali, na ya tatu ipeleke kwa familia ya mzee mwenyewe, kwenye flashi, maana sauti ni ya kwao.

Mwenye mzee wa reli ya zamani Mkwaya au Nachingwea anitumie ujumbe asubuhi, jioni nakuwa naandika.