Kabla hujaongeza kozi nyingine ya tofali: kujenga nyumba na mtaa ambao kibaka haupendi

Watu wengi wakishaibiwa kitu cha kwanza wanamwita fundi aongeze kozi mbili tatu juu ya fensi, alafu wanapanga vipande vya chupa, hela ikipatikana wanazungushia na waya wa wembe. Sikatai, ukuta una kazi yake. Ila we toka nje saa nane usiku usimame uitazame nyumba yako kama vile wewe ndo unataka kuingia. Ukisharuka tu ukatua ndani, nani anakuona? Jirani haoni, wa bodaboda anayepita haoni, mlinzi wa nyumba ya pili haoni, una usiku mzima wa kukata nondo kwa raha zako. Ukuta mrefu uliozibwa pande zote unamsumbua mwizi dakika chache za kupanda, baada ya hapo unamfichia.

Kwahiyo yote nitakayosema yanatoka hapo: kibaka anaogopa macho kuliko anavyoogopa zege. Jane Jacobs, mwandishi wa New York, aliliandika hili 1961, kwamba mtaa unalindwa kwanza na macho ya watu walio kwenye shughuli zao, wenye maduka, wanaochungulia dirishani, polisi wanakuja baadae. 1971 mtaalamu wa uhalifu wa Marekani C. Ray Jeffery akaipa kazi hii jina, kuzuia uhalifu kwa usanifu wa mazingira. Lakini ukienda Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu unakuta nyumba za zamani zina baraza za mawe mbele, wazee wanakaa jioni wanapiga soga, huwezi kupita mgeni bila kusalimiwa na kuulizwa unaenda kwa nani. Hiyo ndo kamera ya kwanza, na haihitaji umeme.

Anza kwa kuzunguka kiwanja chako mchana, alafu rudia usiku. Unatafuta vitu vitatu: pa kusimama mtu asionekane, pa kukanyagia apande, na pa kukimbilia. Hapo kwenye kukanyagia ndo watu wanajisahau, utakuta mtu ana ukuta mzuri wa gharama alafu kando yake kaegesha tofali zilizobaki za ujenzi, au banda la kuku limeegemea fensi, au mwembe wa jirani umeleta tawi mpaka juu ya bati. Hivyo vyote ni ngazi. Hamisha banda, ongea na jirani kwa ustaarabu kuhusu tawi, hujatumia hata mfuko mmoja wa simenti.

Sasa ukuta wenyewe. Upande unaotazama barabara jenga kozi nne au tano tu alafu juu yake weka nondo au tofali za matundu, ili anayepita aone uwanja wako na wewe uone njia. Nondo zisimame wima! Mafundi wengi wanapenda kuzilaza kwa sababu ya urembo, na nondo za kulala ni ngazi nyingine umemjengea mwizi kwa hela yako. Na matundu ya tofali yawe madogo, yasiingie ncha ya kiatu. Upande wa nyuma ukipakana na pori au korongo ambako hapiti mtu, huko jenga mzima mpaka juu, kwa sababu hamna macho ya kukusaidia.

Najua mtu ataniambia faragha. Ni kweli, ila angalia nyumba za pwani zilivyopangwa, mbele baraza kwa ajili ya watu, nyuma ua kwa ajili ya familia, wanawake wanapika na kufua huko hakuna anayewaona. Sisi siku hizi tumeziba mbele na nyuma, afu tunashangaa mtaa mzima hakuna anayejua kama kwa fulani kumeingiliwa. Weka faragha uani. Ukitaka kupoza mbele panda bogenvilia chini ya madirisha na kwenye kingo za fensi, miiba yake hakuna anayeitamani, ila ikate isivuke usawa wa kiuno maana kichaka kirefu kando ya mlango ni maficho.

Geti nalo, lile la bati zima ambalo mtu akigonga lazima ufungue ndo umwone, linakuweka pabaya. Liwe na bati chini na nondo juu, au angalau kidirisha cha kuchungulia. Usiliingize ndani sana ya mstari wa ukuta ukatengeneza kona mbili za giza, kwa sababu wanaovamia watu usiku wanapenda muda ule umeshuka kwenye gari kufungua. Taa moja pale juu iwake usiku kucha. Na kile kibao cha namba ya nyumba kilicholetwa na zoezi la anwani za makazi 2022 usikifunike na maua, siku ukipiga simu ya msaada ndo utajua thamani ya namba inayosomeka.

Madirisha nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndo Dar wengi wanalizwa. Mwizi wa dirishani hana haja ya kuingia. Anachana wavu wa mbu na wembe, anapitisha mti mrefu wenye ndoano nchani katikati ya nondo, anavua suruali iliyotundikwa nyuma ya mlango, anavuta waya wa chaja simu inakuja yenyewe taratibu mpaka mkononi, we unakoroma. Grili yako ipo palepale haijaguswa. Na huwezi kumwambia mtu wa Dar afunge dirisha mwezi wa pili, atachemka humo ndani. Kwahiyo dawa ni ramani ya chumba: kabla fundi umeme hajachimba ukuta mwambie soketi ya karibu na kitanda isiwe chini ya dirisha wala mkabala nalo, iwe kwenye ukuta ule ule wenye dirisha lakini kwenye kona ya mbali, huko mti haukunji kona. Meza ya laptop hivyo hivyo. Kama unajenga upya, weka na vidirisha vidogo vya juu karibu na dari vya kupitisha hewa, usiku unafunga kubwa unaacha vya juu. Kama nyumba ishakwisha, funga wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo kwa ndani ya grili, mkono haupiti na mti haupiti.

Grili ifukiwe ukutani wakati wa kujenga, isifungwe na skrubu ambazo mtu anaweza kuzifungua akiwa nje. Lakini, na hili naomba usilipite, kila upande wa vyumba vya kulala dirisha moja grili yake iwe ya bawaba, inafunguka kwa ndani kwa kufuli, na funguo itundikwe sehemu ambayo mtoto anaifikia ila mti wa mwizi hauifikii. Nyumba ikishika moto sebuleni na madirisha yote yamechomelewa, nondo zilezile zinawazuia nyinyi.

Dari: wanafunua bati, wanapasua jipsam, wanashuka. Kwa nyumba ya kuishi ukishaondoa vya kukanyagia umepunguza sana hiyo hatari. Kwa fremu ya duka ambayo usiku haina mtu, suka nondo juu chini ya paa.

Taa watu wanakosea kwa kudhani kali ndo nzuri. Unafunga taa moja kubwa inamwaga mwanga nje, anayetoka kwenye giza kuangalia kwako anapofuka, na nyuma ya kila nguzo kunabaki kivuli cheusi kabisa ambacho mtu anakaa. Bora taa ndogo nne, moja kila upande, zinazotazama chini, mwanga ugusane. Nyuma weka ya sensa, inawaka mtu akipita, hata jirani anashtuka. Kwa mitaa ni hadithi ileile, Nairobi kwenye makazi ya watu wengi wamesimamishiwa zile taa za mlingoti mrefu wanaziita mulika mwizi, na Afrika Kusini zipo tangu enzi za ubaguzi, wao wanaziita Apollo. Zinasaidia eneo la wazi, ila kwenye vichochoro vya nyumba zilizobanana mwanga unaotoka juu hivyo unaacha giza katikati. Sio kwamba mwanga haufanyi kazi, New York walijaribu 2016 kuweka minara ya taa kwenye baadhi ya nyumba za umma na uhalifu mkubwa wa nje usiku ukashuka kwa kama asilimia 36. Ila kwenye chocho unahitaji kabalbu ka sola kwenye kila kona ya nyumba, sio mlingoti mmoja mbali.

Kamera weka mwisho, hela ikibaki. Inakuonyesha kijana mwenye kofia na barakoa akiondoka na tv yako.

Wanaojenga vyumba vya kupangisha wasikilize hii. Huko St. Louis Marekani palikuwa na mradi unaitwa Pruitt-Igoe, maghorofa 33 ya floo 11, ulianza kukaliwa miaka ya 50 na 1972 wakaanza kuyabomoa, uhalifu na uchakavu ulikuwa umeshashinda. Msanifu Oscar Newman aliona kitu humo humo: korido iliyotumiwa na familia ishirini ilikuwa imeharibiwa na watu wanaiogopa, wakati kibaraza kilichotumiwa na familia mbili tu kilikuwa safi. Watu walewale, jengo lilelile. Sababu ni kwamba kwenye korido ya wote hakuna mwenye mamlaka ya kumuuliza mtu we nani. Kwahiyo badala ya korido moja ndefu ya giza yenye milango kumi inayotazamana, panga vyumba viwili viwili na kibaraza chao, mlango uangalie uwanja, na choo kisiwe nyuma kabisa mwisho wa kiwanja ambako dada akienda usiku anavuka giza lote.

Nje ya geti lako kuna mtaa, na huko huwezi peke yako, inabidi mkae na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Chocho kwanza. Liverpool kule Uingereza walifunga mageti kwenye njia za nyuma ya nyumba, wenyeji wakapewa funguo, na wizi wa majumbani ukapungua. Kwetu ningeogopa kuiga hivyo hivyo, maana chocho ndo barabara ya watu kwenda dukani na kisimani, ukiifunga umewapitisha kwingine kubaya zaidi. Sisi tuifungue: nyumba zinazopakana nayo zitoboe dirisha huko, mtu mmoja aweke genge au kibanda cha wakala kwenye mdomo wake. Khayelitsha, Cape Town, walifanya kitu cha namna hiyo, wakajenga vijumba virefu vyenye taa kando ya njia ambazo watu wanatembea kwa miguu, na ndani wakaweka msimamizi, ukitishwa unajua pa kukimbilia na kijumba kinachofuata unakiona kwa mbali.

Kijiwe cha bodaboda msikifukuze. Wapeni kivuli na benchi palipo na taa, mbele ya duka la mangi, wanajua kila sura ya mtaa huo. Kijiwe cha kuogopa ni kile kilichojificha nyuma ya ukuta mrefu wa mtu ambaye hajatoboa hata tundu.

Afu pagale. Kila mtaa una nyumba iliyoishia kwenye linta, majani yamefika dirishani, na vitu vinavyoibiwa jioni vinalala humo. Kama ni lako na hela imekata, fyeka kila mvua zikiisha, ziba milango na madirisha ya chini kwa tofali, na ikiwezekana mruhusu mtu alime mchicha hapo uani awe anaingia kila siku. Wengi wameandika ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, hiyo ni kwa ajili ya matapeli. Ongeza chini yake namba ya simu, ili jirani akiona tochi humo usiku awe na wa kumpigia.