Kubadilisha sampo ya giaboksi otomatiki kwenye Silverado ya zamani

Wakuu, kwa tunaoishi huku Ohio, Michigan, Minnesota na kwingine kote wanakomwaga chumvi barabarani kila winta, pikapu ya zamani mara nyingi kinachoimaliza sio injini, ni kutu ya huko chini. Sampo ya giaboksi, yaani lile bakuli la chini linaloshika oil, ni bati tu, inaliwa taratibu mpaka inatoboka au inaanza kutoa jasho la oil nyekundu pembeni. Naongelea Chevrolet Silverado za 1999 mpaka 2006 zenye giaboksi ya 4L60-E manake ndio zimejaa mtaani, ila kwa pikapu nyingine mtiririko ni ule ule, zinatofautiana idadi ya boliti na aina ya oil.

Kabla hujanunua chochote hakikisha kweli inayovuja ni sampo. Oil ikivuja huko mbele upepo unaisukuma nyuma gari likitembea, ukija kuchungulia unakuta sampo yote imelowa unasema ndio hii hii, kumbe ni zile paipu mbili za chuma zinazopeleka oil kwenye rejeta kupozwa (na zenyewe kwenye hizi gari zinaliwa na kutu sana), au sili ya pale paipu ya stiki ya kupimia oil inapoingilia kulia, au sili ya shafti ya gia upande wa dereva (huku ni kushoto). Puliza spreyi ya kusafishia breki sehemu yote mpaka ikauke, tembea kidogo, rudi na tochi utafute sehemu ya JUU kabisa na ya MBELE kabisa yenye unyevu. Hapo ndio chanzo, huko chini kote ni matiririko tu.

Sawa, ni sampo. Nunua sampo mpya, filta na sili yake, gasketi, na oil ya Dexron-VI. Dexron-III iliyokuja na gari ilishapitwa, hii ya VI ndio imechukua nafasi yake na inaruhusiwa kwenye hizi za zamani. Ukishusha sampo inatoka kama kwati 5, yaani lita 4.7 hivi, nyingine inabaki kwenye toki konveta (kile kiungo cha oil kati ya injini na giaboksi) na kwenye paipu, kwahiyo nunua kwati 6 usije kukwama saa mbili usiku maduka yamefungwa. Na ukiweza chukua sampo yenye nati ya kumwagia oil, manake nyingi za kiwandani hazina, ndio sababu watu wakiishusha wanaoga oil.

Sampo za hii giaboksi ziko za kina kifupi na za kina kirefu, na kila moja ina filta yake. Ukifunga filta ndefu kwenye sampo fupi haikai, ukifunga fupi kwenye sampo ndefu inaning'inia mbali na oil na pampu inanyonya hewa. Pima kina cha sampo yako ikiwa bado kwenye gari, ununue inayofanana nayo.

Siku moja kabla pulizia boliti zote mafuta ya kulegezea kutu. Ziko 16, na usitumie soketi ya pembe 12 kwenye boliti iliyoliwa, tumia ya pembe 6, ya milimita 10 na ya 13 zote ziwe karibu. Gari liwe la vuguvugu tu, lisiwe limetoka haiwei, oil ya giaboksi inaunguza. Inua uweke jeki stendi, ukalale chini ya gari lililosimama kwenye stendi sio kwenye jeki. Upande wa dereva kuna kishikilio cha kebo ya gia kinakaa njiani, fungua boliti zake ukisogeze pembeni, usilazimishe kupitisha sampo kwa kuipinda. Kulia paipu ya egzosi inabana mkono, hapo ekstensheni ndefu ndio itakuokoa.

Utaratibu wa kufungua ndio unaamua kama utaoga au hutaoga. Weka beseni pana, lile la kumwagia oil ya injini ni dogo. Fungua boliti za nyuma uzitoe, za pembeni zilegeze, za mbele ziache zimeshika kwa nyuzi chache, halafu penyeza kitu bapa cha plastiki kona ya nyuma sampo iachie. Itainamia nyuma na oil itachuruzika sehemu moja. Ikipungua shika kwa mkono mmoja, toa zilizobaki, ishushe ikiwa sawa manake ndani bado kuna oil.

Sasa usikimbilie kuitupa hiyo sampo, angalia ndani. Kuna sumaku chini, ifute kwa kidole. Tope la kijivu laini ni kawaida, ni msago wa miaka. Ukikuta vipande vya chuma unavyovisikia ukivisugua kwenye vidole, au chembe za rangi ya dhahabu, au oil nyeusi yenye harufu ya kuungua, giaboksi inakwambia mapema, na hapo ni bora ukae na fundi wa giaboksi kwanza kabla hujaendelea kutumia hela. Sumaku kama ni nzima isafishe uihamishie kwenye sampo mpya, nyingi zinauzwa bila sumaku.

Filta inatoka kwa kuivuta chini huku unaizungusha kidogo kidogo, haina boliti. Sili yake mara nyingi inabaki huko juu kwenye tundu la pampu na watu wanaisahau, wanasukumia mpya juu ya ya zamani, filta haikai, pampu inavuta hewa, gari likipigwa gia halisogei. Itoe kwa bisibisi ndogo taratibu bila kukwaruza tundu maana ile ni alumini. Paka sili mpya oil kidogo, isukume iingie sawa, ndio filta.

Futa uso wa giaboksi kwa kitambaa na ile spreyi ya kusafishia breki, usikwangue na chuma. Gasketi ya raba inafungwa KAVU, hakuna silikoni, silikoni inaifanya iteleze na vipande vyake vinaishia kwenye filta. Anzisha boliti zote 16 kwa vidole kwanza, nyuzi za alumini zikipindishwa ndio basi. Kaza ukianzia katikati kwenda nje kwa kupishanisha, mpaka 11 Nm, ambayo ni kama futi-pauni 8. Ni kidogo mno, mkono uliozoea nati za tairi utaona kama haijakaza, na hapo ndio wengi wanaongeza wanapinda mdomo wa sampo mpya. Tumia toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza), ikilia tu acha. Rudisha na kile kishikilio cha kebo.

Mimina kwati 4 kupitia paipu ya stiki, washa, mguu kwenye breki pitisha gia zote polepole ukirudi P, pima, ongeza kidogo kidogo. Kipimo cha mwisho kinachukuliwa oil ikiwa ya moto, injini inawaka, gari sehemu tambarare. Usijaze kupita alama, ikizidi inatoa povu.

Laza kadibodi chini usiku kucha uangalie asubuhi. Oil ya zamani irudishe kwenye chupa tupu za hii mpya, maduka mengi ya spea huku yanaipokea bure.