Somo: Mfupa wa taya ukiliwa na ugonjwa wa fizi, unarudishwaje?

Wagonjwa wengi wa fizi huambiwa hakuna dawa ila kung'oa. Kwa baadhi ya meno si kweli, na inaniuma kuona jino la kuokolewa likitupwa. Fuateni hatua kwa mpangilio. Ukiruka moja, upasuaji unakuwa kazi bure.

Hatua ya 1: Kupima. Daktari anaingiza kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya jino na fizi, analizunguka jino zima. Kwenye fizi yenye afya kinazama milimita 1 hadi 3. Kikizama 6 na damu ikafuata, hapo pana mfuko. Eksirei ndiyo itakayoonyesha mfupa umeliwa kwa umbo gani.

Hatua ya 2: Kusafisha chini ya fizi. Ugaga, ule uchafu uliogandamana, unakwanguliwa kwenye mzizi, kisha mifuko inapimwa upya baada ya miezi kama 3. Mingi hupungua bila kisu.

Hatua ya 3: Kuelewa nani anawahi. Msikimbie hapa. Mzizi ukishasafishwa, seli za aina nne hugombea uso wake: za ngozi ya fizi, za nyama ya fizi, za mfupa, na za kano inayolishika jino. Mwaka 1976 mtafiti Melcher alieleza kwamba zinazowahi ndizo zinazoamua kidonda kitaponaje. Ngozi ndiyo yenye mbio kuliko zote. Inateremka kando ya mzizi, fizi inaonekana imepona, kumbe jino halijashikwa na kitu. Tunazozihitaji ni seli za kano, zenye uwezo wa kujenga simenti mpya ya mzizi (tabaka gumu linaloufunika mzizi) na nyuzi za kuliunga jino na mfupa.

Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake, huko Sweden, waliweka karatasi ya chujio kati ya fizi na mzizi wa jino la mbele la chini la mgonjwa mmoja, ili ngozi isipite. Baada ya miezi 3 darubini ilionyesha simenti mpya yenye nyuzi zilizojichimbia ndani. Jino moja tu, lakini njia ilifunguka.

Hatua ya 4: Upasuaji wenyewe. Ganzi, fizi inafunuliwa, shimo linasafishwa, mara nyingi linajazwa unga wa mfupa, kisha linafunikwa utando wa kuzuia ngozi isipite, kama ile karatasi ya Nyman. Wa kolajeni (aina ya protini) huyeyuka wenyewe. Zile za mwanzo zisizoyeyuka zilidai kupasuliwa tena. Fizi ishonwe iufunike utando wote. Ukichungulia nje, bakteria wanaingia.

Maswali ya wanachama

*Mama Zuu:* Mwalimu, meno yangu yote ya chini yanacheza. Yatakaza?

Shikamoo mama. Inategemea umbo. Shimo jembamba lenye kuta tatu za mfupa hujaa vizuri. Mfupa ulioshuka sawasawa pande zote haurudishwi kwa njia hii. Hapo tunapigania kuuzuia usishuke zaidi.

*Kaka Idi:* Nimesikia vitu hivyo vinatokana na nguruwe. Sisi Waislamu je?

Ni kweli kwa baadhi, ndugu yangu. Jeli ya protini za enameli, ambayo madaktari wengine huipaka kwenye mzizi, hutokana na nguruwe, na kolajeni huweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe. Muulize daktari asili yake kabla ya siku ya upasuaji. Zipo za kutengenezwa kiwandani pia. Hukumu ya dini mpelekee shehe wako.

*Neema:* Navuta sigara, na maji ya chumvi nasukutua kila siku. Yatosha?

Chumvi inatuliza, dada, ila ugaga haiuondoi. Sigara iache kabla ya upasuaji, maana inapunguza damu kwenye fizi na mfupa unajaa kidogo. Kama una kisukari, kishushe kwanza.