Kufufua kinamasi cha mtoni: rudisha maji kwanza, miche baadaye

Miradi mingi ya kufufua ardhioevu za kando ya mito huanzia kwenye kitalu. Miche ya mafunjo na matete huoteshwa kwa maelfu, hupandwa kwa siku moja huku watu wakipiga picha, na kiangazi kinachofuata yote imekauka. Mtaro uliokausha bonde hilo zamani bado uko palepale, unanyonya maji chini ya miguu ya wapandaji. Hapa tunageuza mpangilio: tafuta maji yalikoelekea, yazuie, subiri, halafu ndipo upande, tena kidogo.

Jua maji yalikwenda wapi

Kinamasi cha mtoni hukauka kwa moja ya sababu nne, au kwa kadhaa kwa pamoja. Huenda palichimbwa mitaro ya kukausha shamba. Huenda mto wenyewe umechimbika na kushuka, hadi mafuriko hayafiki tena juu ya kingo. Huenda kuna tuta lililojengwa kuzuia mafuriko. Au maji yamekatwa huko juu na bwawa au mifereji ya umwagiliaji. Dawa ya sababu moja haitibu nyingine. Ukiziba mitaro mahali ambapo shida ni bwawa la juu, utakuwa umezuia maji yasiyokuja. Bonde la Waza Logone nchini Kamerun liliharibika baada ya bwawa la Maga kujengwa mwaka 1979. Nafuu ilianza kuonekana mwaka 1994, ulipofunguliwa mkondo wa zamani uliokuwa umezibwa na tuta la mto. Maji ya mafuriko yalipoingia tena, nyasi za kudumu zilianza kurudi.

Anza na udongo. Chukua keekee ya udongo, piga mstari kutoka ukingoni mwa mto hadi ardhi kavu, na toboa hadi mita 1 kila baada ya mita 50. Panga udongo kwenye turubai kwa mfuatano uliotoka. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, hasa kuzunguka vijishimo vya mizizi, ulikaa majini muda mrefu. Sababu ni hii: maji yakijaza vitundu vya udongo, bakteria humaliza oksijeni kwa siku chache tu, kisha hugeukia naitreti, manganizi na chuma badala yake. Chuma hicho huyeyuka na kuhama, na udongo hubaki kijivu. Pale mzizi ulipoingiza hewa, chuma hushika kutu upya na kuacha doa.

Lakini usidanganywe na rangi. Madoa hayo hudumu miaka mingi baada ya ardhi kukaushwa. Yanakuonyesha kinamasi *kilikuwa* wapi, jambo ambalo ni muhimu kwa kuchora mipaka, ila hayakuambii maji yako wapi leo. Kwa swali hilo unahitaji visima vya kupimia.

Visima vya kupimia

Kata bomba la plastiki la milimita 50, urefu wa mita 1.5. Kwenye mita 1 ya chini kata mifuo kwa msumeno kila sentimita 5, upande huu na upande huu kwa zamu. Ziba mwisho wa chini, kisha vika sehemu yenye mifuo soksi ndefu ya nailoni ili matope yasiingie. Lizamishe kwenye shimo la keekee la mita 1.2 likibakiza sentimita 30 juu ya ardhi. Jaza mchanga wa chengachenga kulizunguka, na sentimita 20 za juu kabisa zishindilie kwa udongo wa mfinyanzi. Ukiruka hatua hii ya mfinyanzi, mvua itateremka ubavuni mwa bomba na utapima maji ya jana usiku badala ya maji ya ardhini. Funika kwa kizibo chenye tundu dogo la hewa.

Weka visima vinne kwa mstari mmoja kutoka kwenye mtaro: mita 2, 10, 30 na 60. Soma kila wiki, siku ileile, kiangazi na masika. Ukipima sentimita 85 kutoka mdomo wa bomba hadi majini, toa 30 zilizo juu ya ardhi: maji yako sentimita 55 chini.

Usomaji wa visima vinne pamoja ndio unaotoa jibu. Maji yakiwa juu kwenye kisima cha mita 60 na kuteremka kadiri unavyoukaribia mtaro, mtaro ndio mwizi. Yakiwa chini kote, karibu usawa mmoja, elekeza macho mtoni au huko juu maji yanakotoka. Lengo la kinamasi kinachofanya kazi ni maji kukaa ndani ya sentimita 30 za juu kwa sehemu kubwa ya msimu wa ukuaji.

Asiye na nafasi ya kuchimba visima vingi anaweza kuchomeka vyuma vyembamba visivyopakwa rangi, urefu wa mita 1, na kuvichomoa baada ya wiki nane hivi. Palipo na hewa chuma huota kutu ya kahawia. Chini ya hapo hubaki cheusi au kijivu. Si kipimo sahihi sana, lakini mkutano wa wanakijiji huelewa chuma chenye kutu haraka kuliko jedwali lolote.

Kuziba mitaro

Kazi hii ifanyike kiangazi, na uanze na kizibo (ukuta wa udongo unaokatiza mtaro) cha juu kabisa ukishuka, ili kila unachojenga kikukaushie kazi ya chini yake.

Pima mteremko kwa hozi nyangavu ya mita 20 iliyojaa maji, watu wawili na fimbo mbili zenye alama. Toa mapovu yote kabla ya kusoma. Povu moja tu laweza kukupotosha kwa sentimita kadhaa, na hesabu yote ya vizibo inasimama juu ya sentimita hizo. Tofauti ya usawa wa maji kati ya kizibo na kinachofuata isizidi sentimita 20. Kwa hiyo mtaro wa mita 200 unaoshuka mita 1.2 unahitaji vizibo 6, takriban kila mita 33. Watu hupenda kujenga viwili vikubwa ili kuokoa nguvu. Vikubwa hivyo hubeba shinikizo kubwa, na cha juu kikipasuka huondoka na cha chini.

Kwa mtaro wa kina cha mita 1 uliochimbwa kwa mkono, jenga hivi. Kata mabonge ya majani uyaweke kando, kisha ondoa tope na mizizi hadi udongo mgumu. Chimba ufuo, yaani mfereji mwembamba wa kushikilia kizibo, wa sentimita 30 kwenye sakafu ya mtaro na sentimita 50 ndani ya kila ukingo, ili kizibo kishike kwenye ardhi yenyewe. Jaza mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuweka nyingine. Unyevu sahihi unaujua kwa mkono: finyanga tonge, likishikamana bila kuvuja maji wala kugandia kiganjani, endelea. Kizibo kiwe na urefu usiopungua mita 3 kufuata mtaro, na kimo cha sentimita 30 juu ya ardhi ya pembeni kwa kuwa kitashuka. Ongeza mbawa za mita 2 kila upande juu ya ardhi. Mbawa ndizo zinazoyalazimisha maji kutawanyika bondeni badala ya kuzunguka kizibo na kurudi mtaroni. Malizia kwa kufunika na mabonge ya majani uliyoyakata mwanzoni.

Udongo bora mara nyingi uko hapohapo: lile tuta lililotupwa kando ya mtaro ulipochimbwa. Kama linatosha kujaza mtaro mzima, ujaze wote, maana mtaro uliojazwa hauna kizibo cha kupasuka.

Vizibo hufa kwa namna tatu. Ya kwanza ni maji kupita ubavuni, na kisa chake ni mbawa fupi au ufuo usioingia ukingoni. Ya pili, maji hutoboa njia ndani kwa ndani kupitia shimo la kaa, la panya au mzizi uliooza. Ukiona maji ya tope yakibubujika upande wa chini, hiyo ni dharura ya siku hiyo. Maji masafi yanayochuruzika kidogo yanaweza kusubiri. Ya tatu ni kushuka kwa kizibo kilichojengwa kwa udongo mkavu usioshindiliwa. Viroba vya plastiki vyenye mchanga ni vya muda tu, jua huvila. Mawe matupu huvuja.

Kabla ya kuziba lolote, chora mstari wa mahali maji yatakapofika na utembee juu yake pamoja na wenye mashamba jirani. Chukua pia kibali cha mamlaka ya maji. Kwenye kizibo cha mwisho weka lango dogo la mbao za sentimita 10 zinazochopekwa moja juu ya nyingine, ili usawa uweze kupandishwa au kushushwa. Jirani aliyefurikiwa akiona ubao ukitolewa mbele ya macho yake, hatakuja usiku na jembe.

Kama adui ni tuta la mtoni, mwanya wa kwanza ufunguliwe mwisho wa chini wa bonde. Maji ya mafuriko huingia kinyumenyume, polepole, na kuacha tope lenye rutuba. Ukianza na mwanya wa juu, mto utaingia kwa kasi na huenda ukachimba mkondo mpya katikati ya kinamasi chako.

Shamba la zamani lina deni

Ardhi iliyolimwa kwa mbolea miaka mingi imehifadhi fosifeti, yaani fosforasi ya mbolea, iliyoshikamana na chuma. Ukiizamisha ghafla, chuma kile kinachoyeyuka oksijeni ikiisha huiachia fosifeti hiyo majini. Matokeo yake ni ukoga wa kijani, kisha gugumaji, na watu husema mradi umeharibu maji. Hawakosei. Pandisha maji kwa hatua, ubao mmoja baada ya mwingine, na misimu ya mwanzo kata majani yanayoota uyatoe nje ya eneo, kwani hubeba fosforasi pamoja nayo. Kwenye shamba lililoneemeka sana, kukwangua tabaka la juu na kulitumia kujaza mitaro hutatua mambo mawili kwa pamoja, ingawa unapoteza pia mbegu zilizolala humo.

Kuna pia methani, gesi inayotoka udongo ukikosa kabisa oksijeni. Maji yanayosimama kina kirefu juu ya majani mabichi yaliyozama huitoa kwa wingi. Penye udongo wa mboji nzito, kuyaweka maji karibu na uso wa ardhi bila kuufunika muda wote huzuia mboji isioze na hupunguza gesi hiyo.

Kupanda, kama kuna haja

Uliza udongo kwanza. Chota sentimita 5 za juu kutoka sehemu kumi, changanya, tandaza unene wa sentimita 2 kwenye trei nne. Mbili ziwe chepechepe, mbili ziwe na maji sentimita 3 juu ya udongo. Baada ya wiki sita hadi nane hesabu kilichoota. Mara nyingi utakuta ndago na nyasi za majini ambazo hakuna aliyezipanda, na trei za chepechepe zitakuwa na aina nyingi zaidi, kwa sababu mbegu nyingi za kinamasi huhitaji uso ulio wazi na wenye hewa ili ziote. Hapo kazi yako ni kushusha maji kidogo msimu mmoja na kuziacha.

Pasipoota kitu, panda vipande vya mashina ya chini ya ardhi, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kikiwa na macho mawili au matatu. Vichukue kutoka kinamasi cha mto huohuo, na usichimbe kiraka chote. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 hutumia vipande 10,000 kwa hekta, kwa hiyo ni busara kupanda visiwa vidogo vya mita 5 kwa 5 na kuviacha vitambae vyenyewe. Zika kipande kikilala, macho yakitazama juu, kwenye tope lisilo na maji ya kusimama au lenye maji ya sentimita 5 tu.

Kosa linaloua zaidi ni kuzamisha chipukizi. Kata shina la tete uone: ndani kuna mirija mitupu. Hewa hushuka humo hadi mizizini, na mmea hupumua kupitia majani yaliyo juu ya maji. Ncha ikifunikwa, mizizi hukabwa. Ongeza maji kwa kufuata urefu wa mmea, daima theluthi mbili zikiwa nje. Siri hiyohiyo inafanya kazi kinyume: matete yakivamia maji ya wazi, yakate chini ya usawa wa maji, na mengi hayatachipua tena.

Mifugo ikae nje misimu miwili ya mvua. Uzio bila mahali mbadala pa kunyweshea hukatwa ndani ya wiki, hivyo jenga birika nje ya eneo kwanza. Mikaratusi iliyo ukingoni ing'olewe kidogokidogo, usiiangushe yote kwa pamoja kabla ukingo haujashikwa na mizizi mingine.

Mafuriko ya kwanza yakipita, kagua kila kizibo asubuhi inayofuata ukiwa na beleshi na buti za mpira, hasa penye kichocho. Endelea kusoma visima kwa miaka mitatu. Kisima cha mita 2 ndicho cha kutazamwa zaidi: kikianza kushuka huku vingine vimetulia, kuna kizibo kinachovuja, hata kama kwa macho vyote vinaonekana vizima.