Kufundisha Kiingereza shule ya mbali: anza na dakika za kuongea

Chukua darasa la wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akiuliza mmoja mmoja, hata asipopoteza sekunde kwa kuita majina au kufuta ubao, kila mtoto anapata nusu dakika ya kuongea Kiingereza. Kwa kweli hata hiyo hawaipati, maana wanaojibu ni wale kumi wa mbele, wale wale wa jana. Upungufu huu ni mzito kuliko wa vitabu. Mtoto wa mjini hukutana na Kiingereza kwenye televisheni na mabango, ilhali wa kijijini akitoka darasani huenda asikisikie tena mpaka kipindi kijacho. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza vifaa, panga nani ataongea na kwa muda gani.

Njia ya uhakika ni kazi ya wawili wawili. Dakika 10 za jozi humpa kila mtoto dakika 5 za kuongea, mara kumi ya zile za kuulizwa mmoja mmoja. Andika ubaoni swali moja na mwanzo wa jibu lake: "What do you do before school? Before school I..." Fanya mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya wote, kisha waite wawili wengine warudie bila wewe. Toa agizo fupi lenye kikomo: kila mmoja aulize mara tano, kisha wabadilishane. Wafundishe mapema ishara ya kunyamaza. Mkono wako ukiinuka, kila anayeuona anainua wake na kufunga mdomo. Wakiongea, pita katikati ya madawati ukisikiliza, usimsahihishe mtu. Makosa matatu uliyoyasikia mara nyingi yaandike ubaoni mwishoni, bila kutaja majina.

Kazi hii huharibika kwa sababu zinazojulikana. Agizo likiwa refu, nusu ya darasa haijui ifanye nini. Dawati likiwa na watoto watatu, mmoja hukaa bure. Mpe kazi ya kusikiliza kama sentensi imekamilika, kisha wapokezane. Sababu kubwa zaidi ni swali lenye jibu ambalo kila mtu analijua. Hakuna haja ya kuliuliza, na watoto hurudi kwenye lugha yao mara moja. Dawa yake ni siri. Kila mtoto achore daftarini vitu vinne ndani ya chumba, afunike, kisha amweleze mwenzake kwa Kiingereza mahali kila kitu kilipo, naye achore anachosikia. Wakimaliza wanalinganisha michoro. Zoezi hili halihitaji kifaa chochote zaidi ya penseli, na hakuna awezaye kulimaliza akiwa kimya.

Kusoma ni shida nyingine. Kitabu kimoja kikigombaniwa na watoto wanane, anayesoma ni yule aliyekishika. Andika kifungu chako mwenyewe, sentensi 6 hadi 8, kwenye karatasi kubwa ambayo wote wataiona. Kama manila haipatikani, tumia karatasi za ndani za mfuko wa saruji. Zikung'utie nje, mbali na watoto, kwa kuwa vumbi lake huwasha macho na kifua, kisha zipanguse kwa kitambaa kikavu. Herufi zisipungue sentimita 4, ziwe za kuchapa wala si za mwandiko wa kuunganisha. Kaa dawati la mwisho uisome mwenyewe kabla ya kuitundika. Ukiunganisha karatasi kwa gundi ya uji wa unga, zitundike juu, kwani mende na panya huifuata. Hadithi fupi za bure, zenye ruhusa ya kuchapishwa, zipo kwenye tovuti ya African Storybook kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Zipakue siku unayofika penye mtandao.

Maneno mapya yasizidi 8 kwa kipindi. Yaandike kwenye kadi, uzitie koponi, na uzirudie kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Neno lisilorudiwa hupotea, nawe utalaumu akili ya mtoto bure.

Kiswahili darasani si adui. Maana ya neno gumu au kanuni ya sarufi ieleze kwa Kiswahili kwa sekunde 20, kisha rudi kwenye Kiingereza na mpe mtoto sentensi aitumie. Kinachodhuru ni kutafsiri kila sentensi, kwa sababu watoto hujifunza kusubiri tafsiri. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuwa ameongea lugha ya nyumbani kuachwe kabisa. Mtoto anayeogopa adhabu haongei Kiingereza zaidi, ananyamaza.

Kusahihisha madaftari 80 kwa dakika mbili kila moja ni saa 2 na dakika 40. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila siku. Kusanya safu moja kwa siku, na usahihishe kosa la aina moja tu, lile ulilolifundisha wiki hiyo. Imla fupi ya sentensi tatu waikague wenyewe kwa kubadilishana madaftari, majibu yakiwa ubaoni.

Kiingereza cha mwalimu nacho kinahitaji mazoezi. Andika kwenye andalio la somo sentensi utakazozitamka, hasa maagizo, na uzisome kwa sauti kabla ya kuingia. Simu ikiwepo, jirekodi na usikilize. Rekodi ya kuchezea darasa iwe ya dakika moja, uicheze mara tatu, ukiuliza swali kabla ya kila mara. Mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio uliofanyika Kenya katika miaka ya 1980 ulitumia kanuni inayofaa hapa pia: sauti inauliza, kisha inanyamaza ili darasa zima lijibu.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia. Mtoto amsomee kwa dakika tano, naye mzazi aulize: "Inasemaje?" Mtoto akishindwa kueleza kwa lugha ya nyumbani, alikuwa akitamka tu bila kuelewa.

Msimu wa kilimo na mvua nyingi huwatoa watoto shuleni. Kila Jumatatu tumia dakika 10 kurudia wiki iliyopita, na acha karatasi za kusoma ukutani ili aliyekosa azifikie. Kwa mwalimu mkuu, omba mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: vipindi viwili vya Kiingereza vifuatane mara moja kwa wiki, asubuhi, na sanduku kavu lenye kufuli la kutunzia kadi na karatasi hizo wakati wa likizo.