Kumchagulia mtoto shule ya karate au judo Arusha

Nenda kwanza peke yako, ukae darasa zima, kuanzia kupasha misuli hadi salamu ya mwisho. Shule inayokataza wazazi kutazama, achana nayo.

Chunguza sakafu. Karate hufanyika hata kwenye mbao, lakini judo ni mchezo wa kuangushana: bila mikeka minene, usikubali. Piga goti juu ya mkeka; ukihisi ugumu wa saruji, haufai. Tazama na mianya kati ya mkeka na mkeka, kwani kidole cha mguu kikinasa hapo huumia vibaya. Wiki za mwanzo za judo ziwe za kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono mzima upige mkeka. Mtoto anayejizuia kwa kiganja ndiye anayevunjika mkono, na mwalimu anayewarusha wanafunzi wapya siku ya kwanza ni hatari.

Hesabu watoto. Wa miaka 6 wakizidi 15 kwa mwalimu mmoja, makosa yao hayasahihishwi. Julai, Arusha ikiwa na baridi, kupasha misuli kusipungue dakika 10.

Uliza gharama zote kwa mpigo: ada, sare, mtihani wa mkanda, yaani wa kupanda daraja. Mkanda mpya kila mwezi ni biashara tu. Kwa karate, trakisuti inatosha mwezi wa kwanza.

Uliza pia watoto hubadilishia nguo wapi, na nani hubaki nao mzazi akichelewa. Mtu mzima mmoja asibaki faraghani na mtoto, hata awe mwalimu maarufu kiasi gani.